Anayebeba Ndiye Mwenye Njia

Kundi letu lina sheria moja tu, na haijaandikwa popote. Ukikutana msituni na mtu mwenye mzigo kichwani, unashuka. Haitoshi kupunguza mwendo, wala kupiga kengele, wala kumpita ubavuni kwa ustadi ili ajue kwamba unaweza. Unashuka, unalaza baiskeli kwenye majani upande wa bondeni, unasalimia, na yeye anapita kwanza. Anayebeba ndiye mwenye njia.

Tuliipata sheria hiyo kwa aibu. Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye kilima kimoja nje ya mji wa Gitega, na wanne wetu tulikuwa tunateremka katikati ya mikaratusi kwa kasi ambayo leo nisingeikubali. Kwenye kona, aliyetangulia akatokeza ghafla mbele ya wanawake watatu waliobeba kuni. Hakumgusa mtu. Lakini mama mmoja aliruka pembeni, ngata ikamtoka, na mzigo wake ukabingirika hadi mtaroni, kuni zikatawanyika mteremko mzima. Ilituchukua karibu nusu saa kuziokota, na muda kama huo kujifunza kuzifunga kwa kamba ya mgomba, kwa maana kila tulipofunga sisi mzigo ulilegea. Yule mkubwa wao hakupandisha sauti. Alituita "bana banje", wanangu, akatuambia kwa Kirundi kwamba njia ile waliitengeneza wao kwa nyayo, na mama zao kabla yao, na kwamba hakuna aliyetukataza kuipita, ila tujue tunapita kwa nani.

Nimekaa na neno lake tangu siku ile. Katika nchi nyingine mchezo huu wa kuendesha baiskeli msituni una njia zake zenyewe. Watu hukaa na ramani, huchimba kona, hujenga vituta vya kurukia, huweka vibao vya rangi vya kumwonyesha mgeni ugumu wa njia iliyo mbele. Burundi ina kilomita za mraba 27,834 na zaidi ya watu milioni 12, na hakuna kijisitu ambacho hakijapitwa na mtu asubuhi hiyo akienda kisimani, shuleni, kanisani, shambani au sokoni. Kila kijia tunachokifurahia kina kazi yake, na nadhani ndiyo sababu vijia vyetu ni vizuri namna hii. Mwenye mzigo mzito kichwani hapandi kilima kwa pupa. Hukizunguka, hutafuta mahali mguu unaposhika, hukwepa mwamba na tope, na baada ya miaka hamsini ya wapitaji kama yeye hubaki kijia chembamba kinachoufuata mwili wa kilima kama mshipa. Sijui mhandisi ambaye angekichora vizuri zaidi.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa wa Kiswahili na wa mafundi, ambako ardhi ni tambarare ya ziwa na baiskeli huenda yenyewe ukiigusa. Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa, mwanzoni mwa mwaka 2019, kazi ikanihamishia huko, nikajikuta katika mji ulio mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wenye barabara ambazo kila moja ama inapanda ama inashuka. Mwezi wa kwanza nilisukuma baiskeli kuliko nilivyoiendesha. Wenzangu nilikutana nao kwa fundi, chini ya mti, sote tukingoja kuzibiwa pancha. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwingine ni muuguzi ambaye zamu zake za usiku zimempa pumzi ya ajabu. Wa tatu ni kijana anayeuza vocha za simu, tunamwita mdogo wetu, naye ndiye hutuacha nyuma sote. Wa nne ni fundi mwenyewe, ambaye sote, hata mwalimu anayemzidi umri, tunamwita mzee, kwa kuwa baiskeli zetu ziko mikononi mwake.

Msomaji asifikirie mashine za maelfu ya dola. Mwalimu anaendesha Phoenix ya Kichina, chuma kitupu, isiyo na gia, ambayo mzee aliivua keria na madigadi ili iwe nyepesi. Ya muuguzi ni ya gia, ya mtumba, iliingia nchini kwa mpaka wa Kobero, na shokapu zake za mbele zina umri wa kutosha kupumzishwa. Yangu ina breki za waya ambazo mzee huzikaza kila wiki. Mdogo wetu hana baiskeli. Huazima kwa mzee, na kila Jumamosi tunamwona na fremu nyingine. Kitu pekee ambacho sote tumekubaliana kukinunua kwa gharama yoyote ni tairi zenye meno. Tairi kipara kwenye udongo mwekundu wa Gitega baada ya mvua ni sawa na kuvaa soksi kwenye sakafu iliyopigwa nta.

Tunatoka Jumamosi baada ya kazi za jumuiya. Asubuhi ya siku hiyo nchi nzima hushika jembe: magari husimama, watu wa kila mtaa na kila kilima hukutana kufyeka, kuchimba mitaro, kufagia, kupanda miti. Mpaka saa nne na nusu hivi hupati basi wala duka. Mwanzoni niliona muda huo unatukata siku. Sasa naona unatupatia njia, kwa sababu nusu ya vijia tunavyopita vilifyekwa na mikono ya Jumamosi.

Kwa Kirundi baiskeli ni "ikinga", na kuiendesha ni "kunyonga", neno lile lile analolitumia kijana wa Dar es Salaam au Tabora akisema ananyonga baiskeli. Anayebeba watu na mizigo kwa baiskeli ni mnyonzi. Sikio langu la Kiswahili limezoea pia nyonga ya mwilini, kile kiungo cha paja na kiuno, na sijui neno jingine linaloeleza vizuri hivyo kinachotokea mtu anapopanda kutoka bondeni hadi kileleni bila gia. Magoti huonekana yakifanya kazi, lakini nyonga ndizo zinazolipa.

Njia yetu ya kwanza kabisa, na ambayo tunairudia, ni ya kwenda Gishora, kilomita saba hivi kaskazini mwa mji. Huko ndiko kwenye ngoma za kifalme zinazohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu katikati ya karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1908. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na wageni wengi huja kwa gari, hutazama, huondoka. Ukifika kwa baiskeli kwa vijia vya nyuma unaingia mahali pale kwa upande wa miti, na miti ndiyo mwanzo wa habari yenyewe. Ngoma huchongwa kutoka mti ambao Kirundi huuita "umuvugangoma", mti unaoifanya ngoma iseme. Tanzania wapo wanaouita mringaringa. Na ngoma kuu za Gishora zina majina mawili: Ruciteme, yule ambaye kwa ajili yake tunafyeka msitu, na Murimirwa, yule ambaye kwa ajili yake tunalima. Mara ya kwanza nilipoelezwa maana hizo nilikuwa bado nahema, mgongo umeloa jasho, nikageuka kutazama tulikotoka. Kilima chote kile kilikuwa kimepangwa kama majina hayo mawili: huku kimefyekwa, huku kimelimwa, na kati yake ukanda mwembamba wa miti uliotuleta.

Miti hiyo mingi si ya asili. Mkaratusi ulitoka Australia, na wakati wa Wabelgiji watu walilazimishwa kuupanda kwenye vilele vitupu, kama walivyolazimishwa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Baada ya uhuru, hasa miaka ya sabini na themanini, serikali ilipanda mikaratusi, misonobari na migrivilea kwa wingi kwenye vilele hivyo. Wataalamu wa mazingira wanaulaumu mkaratusi kwa kunywa maji na kuchosha udongo, na siwezi kuwabishia. Lakini kwa mwendesha baiskeli kijisitu cha mikaratusi kina tabia zake ambazo hujifunzi mahali pengine. Chini hakuna vichaka, kwa hiyo unaona mbali. Majani yake makavu, membamba kama visu, yanateleza. Kona iliyojaa majani hayo haichukuliwi kwa breki ya papo hapo, huchukuliwa kwa breki uliyoipiga kabla ya kona. Magome yake hujivua kwa mikanda mirefu ambayo huingia kwenye cheni na kuisimamisha ghafla. Na harufu! Baada ya mvua, jua likichomoza, msitu mzima unanuka kama mtu aliyepakwa dawa ya kifua. Muuguzi husema anapumua vizuri zaidi huko kuliko wodini.

Misonobari ni kitu kingine. Sindano zake hutandika zulia la rangi ya kutu, tairi haitoi sauti, na watu watano mnaoshuka mmoja nyuma ya mwingine mnajikuta mmenyamaza bila kukubaliana.

Lakini kinachotofautisha kweli kuendesha baiskeli kwenye vilima vya Gitega ni makinga maji. Mtu asiyeijua Burundi hawezi kuwazia. Vilima vimechimbwa mitaro inayokata mteremko kwa usawa, mmoja chini ya mwingine, na kingo zake zimepandwa mabingobingo au majani mengine ya kulishia ng'ombe. Kazi ya mtaro ni kuyashika maji ya mvua yasiondoke na udongo, na bila hiyo mashamba mengi ya nchi hii yangekuwa yameshafika Ziwa Viktoria. Kijia kinaposhuka lazima kivuke mitaro hiyo yote. Mahali pengine wenyeji wameweka gogo moja, pengine magogo mawili yaliyofungwa, pengine hakuna kitu na unatakiwa kuruka. Aliye mbele hupiga kelele: "Mtaro!" Wa pili hulirudia neno, wa tatu naye, mpaka limfikie wa mwisho. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini mchezo huu hautaki mtu peke yake. Wa mbele huona, wa nyuma husikia. Ukiwa wa tatu unauvuka mtaro usiouona kwa kuamini sauti ya mtu.

Mbinu yenyewe mzee alitufundisha kwa maneno machache. Unainuka kwenye tandiko, unasogeza kiuno nyuma, magoti malegevu, vidole viwili kwenye breki, na macho usiyaweke kwenye mtaro. Ukiutazama mtaro utaingia mtaroni. Unatazama ng'ambo yake, mahali unapotaka tairi ya mbele iende. Niliangukia mitaro minne kabla sijamwamini.

Nimesoma jinsi mchezo huu ulivyozaliwa huko Marekani. Mwaka 1976, katika vilima vya Marin, California, vijana walianza kushindana kushuka mlima mmoja kwa baiskeli nzito za zamani zilizosimamishwa kwa kurudisha pedeli nyuma. Breki hiyo ya kwenye haba ya nyuma ilichemka hata grisi ikageuka moshi, na baada ya kila mteremko ililazimu kuifungua na kuijaza grisi upya. Mashindano yakaitwa Repack, kwa sababu ya kazi hiyo ya kujaza upya. Tom Ritchey aliwatengenezea fremu baadhi ya vijana wale, na kutoka kwao ikatokea baiskeli inayouzwa leo dunia nzima kwa jina la baiskeli ya mlimani.

Kila nikiikumbuka habari hiyo nawaona wanyonzi wa Bugarama. Soko la Bugarama liko kileleni, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na kutoka hapo barabara inaanguka hadi Bujumbura kwa zaidi ya kilomita 30 za kona. Wanaume hupakia ndizi, mkaa, mboga, mizigo inayozidi uzito wao wenyewe, na kushuka. Breki za kawaida haziwezi uzito huo, kwa hiyo wengi husimamisha baiskeli kwa mguu, soli ya katambuga ikikandamizwa kwenye tairi hadi inanuka mpira ulioungua. Kupanda, hushika nyuma ya malori, na wengine wamefia hapo. Sitaki kuipamba kazi hiyo. Ni umaskini unaoisukuma, na mke wa mnyonzi halali vizuri mpaka asikie baiskeli ikiegeshwa ukutani. Ninachosema ni kwamba ujuzi ule wa kusoma mteremko, wa kujua kwa unyayo tairi inapoanza kuserereka, ulikuwepo kwenye vilima hivi bila jarida kuuandika wala mtu kuutolea medali. Na ng'ambo ya mpaka, Kongo, kuna chukudu, ile baiskeli ya mbao ya Goma isiyo na pedeli, ambayo mji wake umeijengea sanamu. Watu wa eneo hili wamekuwa wakishuka milima kwa magurudumu mawili kwa muda mrefu.

Rwanda walilitambua jambo hilo mapema kuliko sisi. Ritchey yule yule alifika huko, na mwaka 2006 yakafanyika mashindano ambamo baiskeli za mbao zilishindana pamoja na za chuma. Pia alibuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Mwaka uliofuata ikaanza timu ya taifa chini ya Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kuendesha Tour de France. Adrien Niyonshuti, aliyetoka katika timu hiyo, alishiriki mbio za baiskeli za milimani katika Olimpiki ya London 2012 na kumaliza wa 39. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Siku zile mdogo wetu alitazama kwenye simu hadi bando likaisha, kisha akaenda kwa mzee kuuliza kama kuna fremu nyepesi zaidi. Ninamtakia mema yote, na ninaomba siku moja mtu mwenye uwezo wa kumsaidia amwone akipanda kilima cha Gishora akiwa amesimama kwenye pedeli, bila gia, akiimba.

Safari yetu kubwa ilikuwa ya Muyinga. Mafuta yalikuwa yameadimika, kama yalivyoadimika mara nyingi miaka hii, foleni za vituoni zilikuwa ndefu, na muuguzi alikuwa na harusi ya ndugu huko wiki hiyo. Akasema: kwa nini tusiende kwa baiskeli? Kutoka Gitega hadi Muyinga kupitia Karuzi ni kama kilomita mia hivi. Tulitenga siku mbili, tukalala Karuzi, na kila tulipopata kijia kinachokwenda sambamba na lami tuliiacha lami.

Kati ya Gitega na Karuzi unavuka mto Ruvubu. Tulisimama darajani muda mrefu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda taratibu kati ya mashamba ya bondeni, na mwalimu, ambaye hawezi kujizuia, akatukumbusha yanakokwenda: yataungana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo na kuwa Kagera, yataingia Ziwa Viktoria, yatatoka kama Nile, yataiona Khartoum na Kairo. Kijito kinachohesabiwa kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile kiko Rutovu, ambako mwaka 1938 ilijengwa piramidi ndogo ya mawe, na maji yake huja Ruvubu kupitia Ruvyironza. Mzee alisikiliza yote hayo, akashuka kingoni, akalowesha kitambaa, akafuta cheni yake kwa maji ya Nile.

Siku ya pili nchi ilibadilika. Kaskazini mashariki vilima vinalegea, mabonde yanapanuka, na kuelekea Ruvubu unaanza kuona migunga na nyasi ndefu ambazo Gitega zimeshalimwa zote. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980, kubwa kuliko zote nchini, kama hekta 50,000. Mto ule ule tuliouvuka unapita katikati yake, sasa una viboko na mamba. Watu waliokuwa wakiishi humo walihamishwa, na wazee wa vijiji vya pembezoni bado wanaweza kukuonyesha kwa kidole upande ulikokuwa uwanja wa nyumba yao. Hatukuingia hifadhini. Nyati si mnyama wa kukutana naye ukiwa juu ya tandiko, na msitu unaolindwa una wenyewe pia. Tulipita vijia vya mbali na mpaka, kwenye mashamba ya kahawa na vijisitu vya mikaratusi, na ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa kwenye baiskeli: njia ngumu kavu, miteremko mirefu isiyo na mitaro mingi, upepo wa saa tisa, na sauti za watoto "Amahoro! Amahoro!" zikitufuata kutoka kilima hadi kilima.

Kitu kimoja kilinigusa kuliko nilivyotegemea. Kadiri tulivyokaribia Muyinga, salamu za Kirundi zilianza kuchanganyika na za Kiswahili. Muyinga ina Waislamu wengi na biashara ya zamani na watu wa Ngara, Tanzania. Na Gasorwe kuna kambi ya wakimbizi wa Kongo ambao Kiswahili chao ni cha Kivu. Mgawanyo mpya wa mwaka 2025 umeiingiza Muyinga katika mkoa mpya wa Buhumuza, lakini hakuna mgawanyo utakaoiondolea lugha yake. Mtoto wa Buyenzi niliyezoea kusalimia kwa Kirundi tangu nihamie milimani nilishtushwa na "Shikamoo, wazee!" ya msichana mdogo mwenye dumu la maji, nikashuka kumwitikia kama inavyopaswa. Isitoshe, alikuwa na mzigo.

Miiba ya migunga ilitungojea jioni. Pancha ya kwanza tulicheka. Ya tatu tulinyamaza. Kufikia ya tano viraka vilikwisha, solusheni ilikuwa imekauka kwenye tyubu yake, jua lilikuwa linazama, na mwalimu alikuwa na tairi ya mbele iliyolala kabisa. Tulikuwa kwenye msitu wa mikaratusi ambao nusu yake ilikuwa imekatwa karibuni. Visiki vilikuwa bado vyeupe, na mbele kidogo tanuri la mkaa lilifuka moshi chini ya udongo. Nilikuwa nimeelezwa na mtu wa Karuzi kuhusu kijia kizuri kinachopita katikati ya msitu huo; kijia tulikiona kikiishia kwenye uwazi, kimesambaa, kwa sababu pasipo na miti watu hupita popote. Ndiyo hasara ambayo sikuwahi kuifikiria. Miti ikienda, hata njia inapotea. Nchi hii bado inapikia kuni na mkaa karibu kila nyumba, na mradi wa serikali wa kupanda miti, Ewe Burundi Urambaye, ulioanza mwaka 2018, unashindana na masufuria ya mamilioni ya watu. Mimi mwenyewe chai yangu ya asubuhi hupikwa kwa mkaa. Nilisimama pale nikitazama moshi na sikuwa na wa kumlaumu.

Aliyetuokoa alitokea kutoka upande wa tanuri, akisukuma baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa yaliyofungwa kwa kamba za mpira. Tulilaza baiskeli zetu, tukamsalimia, tukangoja apite. Hakupita. Aliegemeza mzigo wake kwenye gongo alilolibeba kwa kazi hiyo, akatazama tairi ya mwalimu, akaomba kisu. Alitoa tyubu, akaikata pale palipotoboka, akafunga fundo kila upande kwa nguvu ya meno na mikono, akairudisha ikiwa imevutwa kama ngozi ya ngoma, akajaza upepo. Ilishika. Mzee, fundi wa miaka mingi, alimwomba aonyeshwe tena lile fundo.

Kaka huyo alikuwa anakwenda mjini. Giza lilikuwa limeingia, sisi hatukuijua njia na taa zetu zilikuwa za simu. Akatangulia yeye. Kuna mteremko pale wa karibu kilomita nzima, na sitasahau namna magunia yale matatu yalivyoelea mbele yetu gizani, bila taa yoyote, yakiinama kushoto na kulia kwa utulivu kana kwamba yanajua. "Mtaro!" alipiga kelele. "Mtaro!" akarudia muuguzi. "Mtaro!" mimi, na mdogo wetu, na mzee, na mwalimu wa mwisho na fundo lake. Tulivuka mitaro saba kwa sauti ya mtu tuliyekuwa hatujamwona uso vizuri.

Chini ya mteremko kuna mto mdogo, kisha mji wa Muyinga uko juu, na kupanda kwenda huko hakuna mnyonzi anayeweza kuendesha na mzigo. Alishuka. Tukashuka sote. Mzee na muuguzi walishika magunia kwa nyuma, mdogo wetu akashika keria, mimi na mwalimu tukakokota baiskeli zilizobaki, mbili mbili na moja ya ziada iliyotusumbua mpaka juu. Hakuna aliyezungumza isipokuwa yeye, aliyekuwa akihesabu kona zilizosalia. Tulifika kwenye taa za kwanza za mji wakati adhana ya isha inamalizika.

Alipakua mkaa nyuma ya mkahawa mmoja, akanawa mikono na uso, na hapo tukamwona kuwa ni kijana kuliko tulivyodhani. Tulimwagizia chai ya tangawizi na mandazi, naye akaketi, akaziangalia baiskeli zetu zilizoegeshwa ukutani, zisizo na keria. Akauliza tumekuja kuchukua nini Muyinga. Muuguzi akamweleza kuhusu harusi, kisha akamweleza, kwa uangalifu kidogo, kwamba Jumamosi huwa tunaendesha tu. Sisi sote. Msituni.

Akanywa chai yake kwanza. Halafu akauliza kesho tutatoka saa ngapi, kwa sababu kesho ni Jumapili na hatakuwa na mzigo, na upande wa pili wa kilima kile kuna kijia cha misonobari ambacho tangu utotoni hajawahi kukishuka mikono mitupu.